Barua Nne za Mzee Ambakisye

Sauti ya Mhandisi Kalumuna ilikuwa ndani ya simu, inafoka kwamba kisima cha saba kifunguliwe sasa hivi, na Mhandisi Kalumuna mwenyewe alikuwa mlangoni anakung'uta mwavuli.

Atuganile Mwakyoma aliitazama simu, akamtazama mtu. Hakushtuka sana. Tangu sauti zianze kuibwa na kuigwa na mashine, mwaka wa sita sasa, hakuna aliyefungua benki, kisima, wala geti la shule kwa sababu tu ya kusikia sauti anayoijua. Akaijibu ile simu kama alivyojibu simu zote: "Nitumie barua, Mhandisi." Akakata. Kalumuna akacheka, akausimamisha mwavuli pembeni ya mlango.

Kicheko chake kilikatwa na barua. Iliingia kwenye kioo cha kompyuta dakika hiyohiyo, kwa jina lake, kutoka kwenye anwani yake, na chini ikiwa na tarakimu zake sita za siri ambazo ndizo saini ya kila mtumishi. Fungua kisima cha saba. Ni dharura. Nitaeleza baadaye. Seva ya barua ilikuwa imeipitisha bila kusita.

Kalumuna aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Atuganile.

"Nisingetokea mlangoni," aliuliza, "ungefungua?"

"Ningefungua," alisema Atuganile.

Kwenye miteremko ya mlima Rungwe, Shirika lililowaajiri lilikuwa na visima kumi na kimoja. Humo ndimo hewa ukaa iliyokusanywa kwenye mabomba ya viwanda vya mbali ilimosukumwa chini ya miamba, ikae huko hadi igeuke jiwe. Lakini kabla haijawa jiwe ni hewa tu. Nzito kuliko hewa nyingine, haina rangi, haina harufu, na huzima moto na pumzi. Ikitoka, huteremka kama maji, hutafuta bonde, na bondeni ndiko waliko watu. Kwa hiyo magurudumu ya kufungia yalikuwa yameondolewa visimani ili asije mtu mbaya akayachezea. Kufunga na kufungua kulifanyika Tukuyu peke yake, kwa amri ya barua. Usalama wa mlima mzima ulisimama juu ya kompyuta moja yenye mfumo wa Linux iliyokuwa ikivuma kwenye chumba cha nyuma, ikipokea barua na kuzigawa, na aliyeitunza alikuwa Atuganile, Mkuu wa Barua.

"Tafuta kinga nyingine," alisema Kalumuna. "Nakupa wiki mbili."

*

Msaidizi wake alikuwa Gervas Haule, fundi wa siku nyingi, mtu wa Peramiho aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Siku zote Gervas alikuwa akisema kwamba mashine za Linux haziugui virusi kwa urahisi, na ni kweli. Lakini tarishi asiyeugua bado anaweza kupeleka ugonjwa nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana kwa miaka kumi seva ile ilikuwa na programu iitwayo Chekecheke. Ilikuwa ya bure, imeandikwa na watu wa kujitolea, na kila mstari wake ungeweza kuusoma. Chekecheke ilikuwa na orodha ya alama za virusi vyote vinavyojulikana, ikiongezewa kila saa. Kiambatisho chenye alama iliyomo kwenye orodha kilitupwa. Mengine yote yalipita.

Barua ya uongo ya Kalumuna haikuwa na kirusi. Ilikuwa na uongo tu.

Programu walizojaribu baada ya hapo ni nyingi. Moja ilikula kumbukumbu ya mashine hadi barua zikapanga foleni kwa nusu saa. Nyingine ilizuia kila barua yenye neno "dharura". Mwishoni ikabaki moja iliyoitwa Sahihi. Leseni yake ilikuwa ghali na ndani yake hapasomeki, lakini ilifanya jambo ambalo nyingine hazikulifanya: haikuangalia barua imebeba nini, iliangalia imeandikwa na nani. Ukiipa barua za zamani za mtu, inajifunza kumtambua; urefu wa sentensi zake, mahali anapoweka mkato, anavyosalimia, hata makosa ya vidole vyake kwenye vitufe. Barua mpya ikija kwa jina lake, Sahihi inaipa alama kati ya sifuri na mia. Iliyopata chini ya sabini, haikuandikwa na mwenyewe.

"Chekecheke ikikosea, naufuata mstari hadi nione ilipokosea," alisema Gervas. "Hii ikikosea nitamuuliza nani?"

"Ile ya juzi ingepita tena kwa Chekecheke, kaka Gervas."

"Ingepita, sikatai. Basi tuweke zote mbili. Lakini Sahihi isizuie. Iipake barua rangi nyekundu, iiache ije, tusome sisi wenyewe na tuamue."

Atuganile alilifikiria jambo hilo siku nzima. Alikumbuka kwamba angeitii ile barua kama Kalumuna asingetokea mlangoni. Mtu aliyeshikwa na hofu hasomi rangi. Akaamua kwamba barua yoyote inayotiliwa shaka iwekwe karantini, isionekane na mtu hadi ifunguliwe kwa makusudi.

Gervas aliinua mabega. "Wewe ndiye mwenye funguo," alisema, na wala hakununa.

*

Katika watumishi wote walioombwa barua zao za zamani kwa ajili ya mafunzo ya Sahihi, ni mmoja tu aliyekuja ofisini kwa miguu yake. Mzee Ambakisye Mwasandube, mlinzi wa Kituo cha Nne, alikuja na tai shingoni na koti lililopigwa pasi, viatu vina tope la njia nzima. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini kabla ya kupewa kazi ya kutazama mita kule juu, na kila siku aliandika barua tatu za taarifa kama mtu anayemwandikia mkuu wa wilaya.

"Binti yangu," alisema baada ya salamu ndefu, "nimesikia mashine itakuwa inasoma barua zangu."

"Haisomi habari zako, mzee. Inakusoma wewe mwenyewe."

"Ahaa. Hilo ni kubwa zaidi." Akavua kofia.

Atuganile alimwonyesha kwenye kioo. Watu wengine Sahihi ilihitaji barua mia kuwajua. Yeye ilimjua kwa barua arobaini, maana hakubadilika. *Mheshimiwa Mkuu wa Barua, kwa heshima na taadhima ninayo furaha kukujulisha kwamba Kituo cha Nne kimeamka salama.* Miaka minane, masika na kiangazi, mkato haukuhama mahali pake.

"Mtu akijaribu kukuiga wewe," Atuganile alimwambia, "atakamatwa kabla hajafika kwenye nukta ya kwanza."

Mzee alifurahi kama mtoto aliyepewa alama zote. Kisha akauliza, kwa utani, "Na mimi nikishindwa kujiiga, je?"

Wakacheka wote wawili. Gervas akamletea chai.

Wiki za kwanza Sahihi ilichosha watu. Kengele yake ya kutangaza barua iliyozuiwa ililia mara sitini kwa siku. Mpishi wa Kituo cha Pili aliagiza maharage kwa kidole kimoja kwa sababu kingine amejikata, karantini. Dereva alimwandikia mkewe akiwa na furaha isiyo ya kawaida, karantini. Kila kengele ilimfanya Atuganile aache kazi, afungue, asome, aruhusu. Ijumaa moja, kichwa kinamuuma, aliandika amri ya mstari mmoja kwenye mashine: kengele inyamaze, na orodha ya barua zilizozuiwa ije kwa pamoja mara moja kwa siku, saa kumi jioni. Hakumwambia mtu; Gervas alidhani Sahihi imeshawazoea watu. Halikuwa jambo la kuambiana. Lilikuwa kama kupunguza sauti ya redio.

Mwezi uliofuata Sahihi ilikamata barua iliyojifanya ya Kalumuna, ikitaka kisima cha pili kifunguliwe. Ilikuwa na tarakimu za siri, na lugha yake ilifanana na ya Mhandisi kiasi kwamba Kalumuna mwenyewe aliisoma mara mbili. Sahihi iliipa kumi na nane. Chini ya kisima cha pili kuna soko na shule. Siku hiyo Kalumuna alinunulia ofisi nzima soda, akamshika Atuganile mkono mbele ya watu wote. "Umechagua vizuri," alisema.

*

Ilikuwa Alhamisi, ukungu umeshuka hadi madirishani. Saa nane na dakika kumi na sita mchana simu ililia upande wa Gervas.

Atuganile alikuwa anajaza fomu ya ukaguzi. Alimsikia Gervas akisema, "Mzee, tuma barua." Akasikiliza. Kisha, "Umetuma? Subiri niangalie." Gervas alizisogeza barua kwenye kioo juu na chini. Akafunika simu kwa kiganja.

"Atu. Kuna sauti ya mzee Ambakisye. Inasema bomba la kisima cha nne limepasuka, tufunge. Inasema imetuma barua mbili."

"Zipo?"

"Sioni kitu."

Hata hakuinua macho kutoka kwenye fomu. Baadaye, kila alipojaribu kuikumbuka dakika ile, kilichomuumiza ni kwamba kalamu yake haikusimama. "Kama angekuwa yeye, barua ingekuwepo," alisema. "Si yeye."

Gervas alirudisha simu sikioni. "Tuma barua," alisema tena, kwa sauti ya upole, akakata.

Saa nane na dakika ishirini na sita barua iliingia.

*Mheshimiwa Mkuu wa Barua, kwa heshima na taadhima ninasikitika kukujulisha kwamba Kituo cha Nne hakiko salama. Bomba la kisima limepasuka chini ya mita, na hewa inateremka upande wa Ndulilo, ambako wachuma chai wapo kazini. Kwa kuwa sijapata jibu la barua zangu tatu zilizotangulia, ninateremka mwenyewe kuwaondoa watu. Ninaomba kisima kifungwe. Wako mtiifu, Ambakisye Mwasandube.* Chini yake, tarakimu sita.

Sahihi ilikuwa imeipa tisini na tatu.

Atuganile alisoma hadi kwenye neno "tatu" na hakuendelea. Alifungua karantini. Zilikuwemo, zimepangwa kwa saa zake.

Saa nane na dakika kumi: *funga nne bomba limepasuka funga*

Saa nane na dakika kumi na tatu: *jamani fungeni hewa inaenda kwa wachuma chai*

Saa nane na dakika kumi na saba, mara tu baada ya simu: *atu ni mimi ni mimi*

Alama sita. Alama tisa. Alama kumi na moja. Hakuna salamu, hakuna mkato, hakuna tarakimu. Pembeni ya kila moja Sahihi ilikuwa imeandika sababu kwa maneno yaleyale matatu: Haifanani na mwandishi.

Alianza kufunga kisima, akakosea neno la siri mara moja, akarudia. Saa nane na dakika thelathini na moja mita ya nne ilisimama. King'ora cha Ndulilo kililia. Kutoka Tukuyu hakikusikika. Alikiona tu kwenye kioo, alama ndogo ya kijani inayowaka na kuzimika.

*

Watu arobaini na watatu walitoka bondeni wakiwa hai. Walisema mzee alitokea kwenye ukungu bila kofia, anapiga sufuria, anawaita kwa majina. Wengi alikuwa amewafundisha kusoma. Aliwaambia wasikimbilie mtoni, wapande juu. Walisema mkaa kwenye jiko la mama mmoja ulizimika wenyewe huku wanautazama, ndipo wakaamini. Mwanamke aliyeitwa Tumpale alirudi nyuma kumfungua ng'ombe wake. Mzee alimfuata. Waliwakuta kwenye kivuko cha kijito, mahali pa chini kabisa, wamelala karibu karibu kama watu waliopumzika, na ng'ombe amelala pembeni yao.

Siku ya tatu Kalumuna alimwita Atuganile ofisini kwake, akafunga mlango. Alikuwa na karatasi moja.

"Wizara inataka taarifa kabla ya Jumatatu," alisema. "Nimeiandika. Isome."

Taarifa ilikuwa fupi, na kila neno lake lilikuwa la kweli. Ilisema mlinzi wa Kituo cha Nne alituma barua tatu zisizo na saini, kinyume cha utaratibu. Ilisema barua ya nne, iliyokuwa na saini, ilitendewa kazi ndani ya dakika tano. Simu haikutajwa. Sahihi haikutajwa.

"Mhandisi, hapa inaonekana kosa ni la mzee."

"Hakutia saini, Atuganile."

"Alikuwa anaona watu wanakufa."

Kalumuna alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nisikilize. Nikiandika kwamba Sahihi ilimzuia, kesho wataniamuru niitoe kwenye vituo vyote. Tutarudi kwa Chekecheke. Na yule aliyeandika barua ya kisima cha pili bado yuko, hatumjui ni nani, anangoja tu. Chini ya kisima cha pili kuna watu elfu tatu. Mzee ameshakufa. Jina lake litaumia kidogo, na watu elfu tatu wataamka salama. Wewe ungechagua nini?"

Atuganile alikuwa na la kusema. Angeweza kusema kwamba Sahihi peke yake haikumuua mtu. Kwamba ilikuwepo kengele na yeye ndiye aliyeinyamazisha. Kwamba simu ilipigwa na jibu alilitoa yeye, bila kuinua kalamu. Lilikuwepo jibu la tatu, ambalo Kalumuna hakulijua: lingemwacha mzee na heshima yake, lingeiacha Sahihi kazini, na gharama yake ingekuwa mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Aliliona waziwazi kama mtu anavyouona mlango.

Akachukua kalamu, akatia saini mahali palipoandikwa Mkuu wa Barua.

Nje alimkuta Gervas kwenye benchi, kofia magotini. Gervas aliutazama uso wake akajua.

"Mimi nitasema utakachosema wewe," alisema taratibu. "Simu niliishika mimi. Lakini wewe ndiye utakayelala na jambo hili zaidi." Akainuka akaenda nyumbani, na ilikuwa saa nne tu ya asubuhi.

*

Taarifa ilisomwa Jumanne kwenye mkutano wa hadhara, uwanja wa shule ya Ndulilo. Ofisa kutoka wizarani aliisoma kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye "kinyume cha utaratibu" minong'ono ikapita uwanjani kama upepo kwenye mgomba. Mwalimu Ambakisye? Yule aliyewachapa watu kwa sababu ya mkato?

Mjane wake, Subilaga, alikuwa ameketi mbele, kanga mabegani. Mkutano ulipokwisha watu walimpa mkono, lakini baadhi walifanya haraka. Ndugu za Tumpale walipita mbali naye. Atuganile aliliona hilo kutoka kwenye kivuli cha gari la Shirika. Aliona pia mama yule akinyanyuka, akija moja kwa moja mpaka alipokuwa yeye.

"Wewe ndiye unayetunza barua," alisema.

"Ndiyo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Nimeishi naye miaka thelathini na minane. Aliweka saini hata kwenye karatasi ya sukari akinituma dukani. Naomba nizione barua zake."

"Nitakuletea, mama."

"Zote."

*

Alizileta kesho yake mchana, zimechapwa kwenye karatasi nne. Nyumba ilikuwa na watu wa matanga, wanaume kwenye viti nje, wanawake jikoni, mvua nyepesi juu ya mabati. Subilaga alimpeleka chumba cha ndani, akavaa miwani, akazipanga kitandani kwa kufuata saa iliyochapwa juu ya kila moja. Alisoma pole pole. Kwenye ile ya tatu, *ni mimi ni mimi*, aliirudia mara mbili.

"Kwa nini hamkumjibu?"

Hapo Atuganile alimwambia. Hakuanza na mashine. Alianza na simu. Akasema Gervas aliuliza nini, na yeye alijibu nini. Kisha akaeleza kuhusu Sahihi, jinsi inavyompima mtu kwa mtu aliyekuwa jana, na jinsi mumewe alivyopata alama sita. Akasema ilikuwepo kengele, na aliizima siku ya Ijumaa kwa sababu kichwa kilimuuma. Akasema ametia saini taarifa akijua haya yote.

Subilaga hakulia. Alikuwa anazitazama zile saa. Kidole chake kilikwenda kwenye karatasi ya tatu, kikaja kwenye ya nne, kikarudi.

"Kumi na saba," alisema. "Halafu ishirini na sita. Hapa katikati alikuwa anafanya nini?"

Swali hili Atuganile alikuwa amejiuliza kila siku tangu Alhamisi, na jibu alilijua. Alikuwa akiomba mama huyu asiuhesabu muda ule.

"Alikuwa anaandika, mama."

"Anaandika nini dakika zote hizo?"

"Hiyo ya nne. Nadhani alielewa. Alielewa kwamba mashine haitamwamini hadi aandike kama siku zote. Kwa hiyo aliketi, akaandika salamu, na mikato, na wako mtiifu." Akaonyesha karatasi ya tatu. "Angeteremka saa nane na dakika kumi na saba, angekuta kijito bado ni salama."

Mvua iliendelea juu ya bati. Jikoni mtu aliangusha kifuniko, wanawake wakakemeana kwa sauti za chini. Subilaga aliichukua karatasi ya tatu, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kanga yake kifuani. Zile nyingine aliziacha kitandani.

"Miaka thelathini na minane," alisema. "Mimi ningemjua hata angeandika herufi moja."

Akavua miwani.

"Nenda kawaambie hao walioko nje," Subilaga alisema. "Siyo kwa karatasi. Uso wako wauone."

Alitoka. Wanaume kwenye viti waligeuka. Ndugu wawili wa Tumpale walikuwepo, wamekaa mbali kidogo na wengine kama watu ambao bado hawajaamua kama wamekuja msibani au la. Atuganile alisimama pasipo na paa. Maji yalimwingia shingoni. Alitaja jina lake na jina la baba yake, kama inavyotakiwa, na akasema kwamba Alhamisi, saa nane na dakika kumi na sita, mzee Ambakisye Mwasandube alipiga simu akiwaombea watu wa bonde hili, na aliyejibu "si yeye" ni huyu aliyesimama mbele yao.

Mengine yalikwenda kama yalivyokwenda. Taarifa iliandikwa upya na jina la mzee likasafishwa, kwenye karatasi angalau. Sahihi ilibaki vituoni. Gervas aliirudishia kengele, na sasa barua ikizuiwa hulia hadi mtu aisome kwa macho yake. Kalumuna alihamishwa. Atuganile aliachishwa kazi kabla ya mwezi kwisha, na hakukata rufaa. Mwaka uliofuata Sahihi ilikamata barua nyingine ya uongo, ya kisima cha tisa. Mwandishi wake alipatikana. Watu wengi wanaishi leo kwa sababu ya programu aliyoichagua Atuganile, naye anajua hivyo, na haimsaidii usingizi.

Lakini yote hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile, uani, alipomaliza kusema, kaka mkubwa wa Tumpale aliinuka, akampita bila kumgusa. Akapanda ngazi mbili za kibaraza, akavua viatu vyake vyenye tope, akaingia ndani kumpa pole mke wa mwalimu.